Fundi wa Nusu Mzunguko

Mlango wa nyumba ya Fundi haukufungika hata siku moja katika miaka yote niliyomjua. Aliutengeneza mwenyewe kwa mbao za masanduku, ukakauka, ukajipinda, ukabaki unashikiliwa na kamba ya katani. Benchi lake la kazi lilikuwa na mguu mmoja mfupi. Aliuinua kwa kipande cha tofali, na tofali lenyewe lilikuwa refu mno, kwa hiyo mteja aliyekaa mwisho wa benchi alikuwa akimteremkia Fundi taratibu mpaka mabega yao yakagusana. Mtu huyohuyo, ukimpa springi nne za klachi ya pikipiki, alizibonyeza moja moja kwa kidole gumba, akiangalia pembeni kama mtu anayesikiliza habari za jirani, kisha akakutengea ile iliyochoka. Sikuwahi kusikia kwamba alikosea.

Tulifanya kazi kwenye baraza moja, mbele ya duka la Mhindi mmoja katika mtaa unaoteremka kwenda stesheni ya Dodoma. Mhindi yule sote tulimwita tajiri. Mimi nilikuwa na cherehani yangu upande wa kulia wa mlango wa duka. Mume wangu alikuwa mtu wa reli, alinitoa kwetu Kondoa nikiwa bado sijui hata kuwasha jiko la mkaa wa mjini. Fundi alikuwa upande wa kushoto, na pikipiki zake zilizovuliwa vifuniko. Kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi kwenye matrekta ya mashamba ya karanga kule Kongwa, na alichotoka nacho huko ni sanduku la bisibisi na chuki ya kelele.

Mjini palikuwa na mafundi wengi, wa saa, wa viatu, wa baiskeli. Hata mimi nilikuwa fundi. Lakini ukisema "Fundi" bila kuongeza neno, watu walijua ni yeye, na mimi niliyekaa hatua nne kutoka kwake nikavuliwa cheo nikawa Mama Saidi.

Miaka ile vijana wa Kihindi na maofisa wa Kizungu walikuwa wameingiwa na wazimu wa kushindana kwa pikipiki. Mvua zikiisha, nje ya mji, kando ya barabara ya Kondoa, walisawazisha uwanja, wakachora mstari wa chokaa, wakazunguka wakifukuzana ndani ya vumbi mpaka wote wakawa rangi moja. Zilikuwa pikipiki ndogo, zilizopunguzwa kila kitu isipokuwa injini na mpandaji. Na kwa kuwa uwanja ulikuwa mfupi, aliyetangulia bendera ilipoanguka mara nyingi ndiye aliyeshinda. Kutangulia kulitegemea klachi.

Mimi nilijifunza klachi kwa kusikia tu, kama mtoto anavyojifunza matusi. Ni sahani za chuma zilizolaliana, zinabanwa pamoja na springi. Zikibanwa, nguvu za injini hufika kwenye gurudumu. Ukivuta mkono wa klachi, springi hubonyea, sahani huachana, na injini hunguruma bila kwenda popote. Kila springi ina skrubu yake. Ukilegeza mno, sahani huteleza, pikipiki hulia mahali pamoja. Ukikaza mno, mkono wa mtu hauwezi kuzitenganisha.

"Springi hutoka nyumbani ikiwa imekwisha kukasirika kidogo," Fundi alinieleza siku moja, bila mimi kumwuliza. "Hujaigusa bado, imekwisha kukasirika. Wengine wanadhani kazi ni kuikasirisha zaidi. Kazi ni kujua imetoka nyumbani na hasira kiasi gani, na hizi tatu nyingine ziwe na hasira hiyohiyo."

"Na zikitofautiana?"

"Sahani inainuka upande. Kama wewe unaponyanyua sufuria na mume wako, yeye mrefu, wewe mfupi. Mchuzi unamwagika."

Kwa hiyo alizipanga springi juu ya kipande cha kioo, akazipima urefu kwa jicho, kisha akaenda ndani ya duka kuazima mizani. Aliweka jiwe la mizani juu ya kila springi kutazama imezama kiasi gani. Tajiri alichukia jambo hili.

"Fundi, hayo mawe yanapima sukari ya watu."

"Sukari haitajua, tajiri."

"Yananuka oili."

"Basi wauzie sukari wale wenye pikipiki."

Tajiri aliingia ndani akinung'unika kwa Kigujarati. Hakumfukuza kwa sababu mwanawe, kijana wa miaka ishirini na mitano aliyekuwa na masharubu membamba na moyo mkubwa, alikuwa mshindani, na klachi yake ilikuwa mikononi mwa Fundi.

Springi zikikwisha kupangwa na skrubu kurudishwa, Fundi alimwambia mwenye pikipiki avute mkono wa klachi, yeye akapiga kiki taratibu kwa mkono, uso wake umekaribia sahani kana kwamba anainusa. Kama sahani ya nje ilipepesuka ilipozunguka, aliongeza nusu mzunguko kwenye skrubu moja, au akapunguza. Nusu mzunguko, si zaidi. Halafu kiki tena. Halafu nusu ya ile nusu. Niliweza kushona gauni zima la mtoto kabla hajamaliza. Wateja walimsihi afanye haraka. Aliwaambia waende wakale.

Na kitu kimoja nilichokuja kukigundua baada ya mwaka mzima: Fundi hakuwahi kupanda pikipiki. Alizisukuma. Ikitakiwa kupelekwa nyumbani kwa mtu huko Kikuyu, pembezoni mwa mji, aliisukuma mpaka Kikuyu, jasho linamtoka, na injini nzima iko ubavuni pake. Siku moja askari polisi alimsimamisha akidhani ameiba.

"Kama ni yako, mbona huipandi?"

"Si yangu."

Hilo jibu halikumsaidia. Ikabidi tajiri aende kituoni kumtetea, na alirudi akisema kwamba Fundi alikuwa amekwisha kumfungulia mkuu wa kituo klachi ya pikipiki ya serikali, bila kuombwa, na sasa hawataki kumwachia.

Nilipomwuliza kwa nini hapandi, alisema, "Mimi najua kilichomo ndani."

Alikuwa na ugoro, kama wazee wengi wa Kigogo, na aliuweka katika kikopo kidogo cha bati. Lakini alikuwa na sheria. Kabla ya kuvuta ugoro alizifunika springi zote kwa sufuria na kukaa juu ya sufuria. Sheria hiyo ilitungwa baada ya siku aliyopiga chafya moja, na springi nane za aina mbili zikaruka kutoka kwenye kioo hadi barabarani. Alisimama katikati ya barabara akainua mikono, akasimamisha gari la ng'ombe, baiskeli tatu na mtawa mmoja wa Misheni. "Hakuna kukanyaga," akasema. Watu wote wakapiga magoti kutafuta, mtawa naye, na kanzu yake nyeupe. Saba zilipatikana upesi. Ya nane aliiona yule mtawa imekwama kwenye ukwato wa ng'ombe, na tangu siku hiyo Fundi alisema Misheni ina watu wenye macho.

Na mapadri hakuwaogopa. Padri mmoja aliyezunguka vijijini kwa pikipiki alileta malalamiko kwamba klachi inateleza kila akipanda kilima. Fundi aliifungua, akaitazama, akaifunga.

"Baba, unapanda na nani?"

"Peke yangu, na katekista."

"Na nini?"

"Na gunia la mtama. Wakati mwingine na mbuzi, watu wakitoa."

"Klachi nzima, Baba. Mteremshe katekista."

Padri akasema katekista ni mtu wa lazima. Fundi akafikiri. "Basi mbuzi atembee." Hakukaza hata robo mzunguko, na padri aliondoka amekasirika. Wiki mbili baadaye tulimwona akipita taratibu, katekista nyuma yake, na nyuma ya katekista mbuzi anafuata kwa kamba.

Siwezi kusema alikuwa mtu mpole. Kwa springi alikuwa na subira ya mwanamke anayechambua mchele, kwa watu hakuwa nayo. Aliwakatiza maneno. Alinikatiza mimi nilipomweleza juu ya homa ya mwanangu, akaniambia uzi wa cherehani yangu umekazwa mno upande wa juu, na kesho yake akaleta mizizi ya dawa ya homa ameifunga kwenye kitambaa cha kufutia oili. Hakueleza ni ya nini. Ilibidi nikaulize kwa jirani mwingine wa Kigogo kama ni ya kunywa au ya kuosha gari.

Sasa nitasema habari ya Bwana Mpima, maana hiyo ndiyo iliyotaka kumwondoa Fundi mjini.

Bwana Mpima alikuwa Mzungu wa kupima ardhi, mrefu, mwekundu, aliyeshindwa mara tatu mfululizo na mwana wa tajiri. Mkewe alikuwa mteja wangu mkubwa, wakati ule nilikuwa namshonea mapazia ya nyumba nzima. Siku mbili kabla ya mashindano ya mwisho ya mwaka, Bwana Mpima alileta pikipiki yake kwa Fundi. Fundi aliitengeneza kama alivyoitengeneza ya mwana wa tajiri, kwa jicho lilelile na mawe yaleyale ya sukari. Ilipokwisha, Bwana Mpima aliuvuta mkono wa klachi kwa vidole viwili, akakunja uso.

"Laini sana. Kama ya mwanamke."

"Ndivyo inavyotakiwa, Bwana."

"Ndiyo maana mimi nateleza. Kaza."

"Haitelezi, Bwana. Nimeipima."

"Lete bisibisi."

Nilikuwa nimewapa mgongo, nimeelekea mwanga, nikipitisha pindo refu la pazia. Nilisikia bisibisi ikiingia kwenye skrubu. Skrubu zile zililia kila nusu mzunguko. Nikasikia Fundi akisema, "Bwana, mkono wako utachoka kabla bendera haijaanguka." Skrubu ikaendelea kulia. Fundi akasema tena, "Bwana, mkono utachoka." Bwana Mpima akajibu, "Boi, nyamaza." Fundi alikuwa na mvi kichwa kizima. Akanyamaza.

Siku ya mashindano nilikwenda, kwa sababu mke wa Bwana Mpima alitaka nitandike vitambaa vya meza ya chai. Meza hiyo iliwekwa mahali pazuri, penye upepo, mbele kidogo ya mstari wa chokaa. Fundi naye alikuja, mara yake ya kwanza, ameziba masikio kwa pamba aliyoniomba mimi. Alisimama mbali, karibu na vibanda vya wauza karanga.

Pikipiki sita zilijipanga. Mwenye bendera alikuwa mzee mmoja wa Kizungu aliyependa kuhutubia. Akaanza kueleza kanuni. Injini zinanguruma, wapandaji wamevuta mikono ya klachi, yeye anaeleza kanuni. Nilimwona Bwana Mpima akibadilisha vidole. Kisha akainama, akauvuta mkono ule kwa mikono yote miwili. Pikipiki yake ikaanza kutambaa yenyewe, kidogo kidogo. Akaisimamisha kwa miguu. Uso wake, uliokuwa mwekundu siku zote, ukawa wa zambarau. Mzee wa bendera alikuwa amefika kanuni ya nne.

Mkono wa klachi ukamponyoka. Pikipiki iliruka kama mbuzi aliyechomwa, ikapita chini ya bendera iliyokuwa bado juu, ikaja moja kwa moja kwenye meza ya chai. Wazungu waligawanyika pande mbili. Pikipiki ikapita katikati, ikachukua kitambaa nilichokitandika dakika kumi kabla, na keki, na birika, ikaendelea na Bwana Mpima amefunikwa kichwa kwa kitambaa, mpaka ilipolifikia kundi la ng'ombe waliokuwa wanarudishwa kutoka mnadani. Ng'ombe walimpisha. Mtaro wa maji ya mvua haukumpisha.

Alivunjika mfupa wa bega. Mashindano yalianza upya, mwana wa tajiri akashinda, na kabla vumbi halijatua palikuwa na neno kwamba fundi wa Wahindi amemharibia Mzungu klachi makusudi. Jumatatu askari yuleyule aliyewahi kumsimamisha akaja kumchukua, safari hii kwa aibu, maana Fundi alikuwa katikati ya kupanga springi na askari alikaa kwenye benchi bovu akisubiri amalize.

Kesi ilisikilizwa na Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, Mzungu mwenye miwani aliyekijua Kiswahili vizuri kuliko karani wake. Maneno yaliyosemwa pale yalikuwa mazito: kukusudia kudhuru, kufukuzwa mjini, kifungo. Tajiri alikuja na koti lake la harusi. Bwana Mpima alikuja na mkono umefungwa shingoni, akasema yeye alichofanya ni kuikagua tu pikipiki. Aliyekaza ni fundi.

"Ulikaza wewe?" Bwana Shauri alimwuliza Fundi.

"Hapana, Bwana."

"Nani alikaza?"

Fundi alimtazama Bwana Mpima, kisha akatazama sakafu. "Mimi sijawahi kukaza mzunguko mzima tangu nizaliwe," akasema. Nilimwona tajiri akifumba macho.

Nikainuka. Sikuwa nimekusudia. Mke wa Bwana Mpima alikuwa amekaa safu ya mbele, amevaa gauni nililolishona mimi, akageuka kunitazama. Karani akaniapisha kwanza.

"Mimi nilikuwepo, Bwana Shauri. Nilimwona Bwana Mpima akikaza mwenyewe."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Alikaza kiasi gani?"

"Mizunguko miwili kila skrubu. Skrubu nne. Nilihesabu."

Bwana Shauri aliandika, akafikiri, akaamuru pikipiki iletwe. Ililetwa imepinda usukani, matope yamekauka, na uzi wa kitambaa changu bado umejizungusha kwenye ekseli. Bwana Shauri aliushika mkono wa klachi akauvuta kwa mkono mmoja. Haukwenda. Akavua miwani, akampa karani, akavuta kwa miwili. Ulikwenda kidogo. "Fungua," akamwambia Fundi. "Kila skrubu mizunguko miwili. Nami nitahesabu."

Fundi alizungusha. Chumba kizima kilihesabu, wengine kwa sauti. Ilipokwisha skrubu ya nne, Bwana Shauri alijaribu tena, na mkono wa klachi ukaja kwa vidole viwili. Alijaribu mara ya pili. Nadhani alifurahia. Kisha Fundi akaomba ruhusa, akapiga kiki, akaweka uso karibu na sahani. Haikupepesuka. Skrubu zilikuwa palepale alipoziacha.

"Nenda kazini," Bwana Shauri akamwambia.

Mapazia ya mke wa Bwana Mpima yalirudishwa kwangu yakiwa hayajaning'inizwa, na hakuna mke wa ofisa aliyeniletea kitambaa kwa muda mrefu. Saidi na wadogo zake walivaa mapazia mwaka mzima. Fundi hakuniambia asante. Alipofika barazani alinikatiza nikiwa namweleza tajiri habari yote, akasema sindano yangu imepinda.

Miaka michache baadaye macho yake yakapungua, akafunga sanduku, akasema anakwenda kulima Mlali. Hakuaga zaidi ya hapo. Baraza likawa na nafasi, na tajiri akaweka pale magunia ya chumvi.

Mwaka wa mwisho wa Waingereza nilikwenda Mlali kumwoza mtoto wa shemeji yangu. Nikauliza habari za Fundi, nikaonyeshwa nyumba. Alikuwa amekaa uani akipura mtama, pamoja na mke ambaye sikujua kama alikuwa naye, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru.

"Shikamoo, Fundi."

Aliinua uso, akanitafuta kwa macho mabovu. "Marahaba. Mbukwa, Mama Saidi," akaongeza salamu ya Kigogo. "Sogea uone kivuli kilipo, usikae juani."

Mkewe alikwenda kuangalia chungu. Tukaulizana habari, za watoto, za mvua, za tajiri. Halafu akawa anapepeta punje mkononi.

"Siku ile kwa Bwana Shauri ulisema umemwona kwa macho."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umetupa mgongo."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiambia kwamba hakuna anayejua. "Nilihesabu kwa masikio," nikasema. "Zililia mara nne kila skrubu. Nusu, nusu, nusu, nusu. Wewe ndiye uliyenizoesha kuhesabu nusu."

Akatikisa kichwa, si kwa kukataa. "Uliapa."

"Niliapa."

"Basi nami nikwambie langu. Mimi nilimwambia mkono utachoka. Mara mbili nilimwambia. Lakini kulikuwa na jambo kubwa kuliko mkono. Nilijua springi zikibanwa vile, sahani zitapata moto, zitashikana zenyewe, na pikipiki itaondoka hata angekuwa na mkono wa jitu. Hilo sikumwambia. Aliponiita boi nikalimeza."

"Angekusikia, Fundi?"

"Asingesikia." Alizimwaga punje ndani ya ungo. "Lakini ningekuwa nimesema."

Mkewe akaja na maji ya kunawa na bakuli la mlenda, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mnanong'ona nini nyie wawili?"

"Tunaongea habari za uongo," Fundi akasema.

"Wa nani?"

"Wa kila mtu na wake."

"Basi naweni mikono," akasema mama yule, "ugali unapoa."